Je, wajua kwa nini kuosha zulia kunahitaji injini yenye nguvu mara mbili ya bodaboda?

Aliyekulia Dar es Salaam au Nairobi anajua zulia linavyooshwa. Linakunjwa, linabebwa begani hadi uani au kwa vijana wa kuosha magari, linamwagiwa maji na sabuni, linasuguliwa kwa brashi, kisha linaanikwa ukutani mpaka likauke. Kazi ni ngumu, lakini nusu yake inafanywa na jua.

Marekani zulia halitoki nje. Katika nyumba nyingi limetandikwa ukuta hadi ukuta juu ya sponji nene, na kingo zake zimenaswa kwenye vijiti vyenye misumari. Ukilimwagia maji kama tunavyofanya sisi, yatazama kwenye sponji hadi kwenye mbao za chini, na baada ya siku chache chumba kizima kitanuka uvundo. Kwa hiyo mashine ndiyo inayolifuata zulia. Gari la mizigo, tuseme Chevrolet Express au Ford Transit, linaegeshwa mbele ya nyumba na mlango wa nyuma unafunguliwa. Ndani yake kuna injini inayonguruma. Mipira miwili inatoka hapo na kuingia ndani ya nyumba: mwembamba unapeleka maji ya moto, mnene unarudisha maji machafu. Mwisho wa mipira hiyo, mfanyakazi ameshika bomba la chuma lenye mdomo mpana, linalonyunyiza na kufyonza kwa wakati mmoja.

Injini hiyo kwa kawaida ina nguvu ya farasi 20 hadi 30. Bodaboda ya cc 125 au 150 ina farasi 10 hadi 14 hivi, nayo inapanda mlima ikiwa na abiria wawili na gunia la viazi. Zulia lina nini hata lihitaji mara mbili ya hapo?

Anza na soketi ya ukutani, kwa sababu wengi huuliza kwa nini wasitumie umeme wa nyumba. Soketi ya kawaida ya Marekani hutoa volti 120 na ampea 15, yaani wati 1,800, ambazo ni farasi 2.4 tu. Hata soketi yetu ya volti 240 na ampea 13 inafika wati 3,100 hivi. Mashine ndogo za umeme zipo, na kwenye ghorofa ya kumi ndizo zinazofaa, lakini nyingi huwa na nyaya mbili zinazochomekwa kwenye soketi za saketi tofauti, na bado hazifikii kinachohitajika hapa.

Kinachohitajika ni nini? Mtu akiona maji yanaruka kutoka kwenye bomba hudhani injini inasukuma maji. Hesabu inasema vingine. Pampu ikitoa hata lita 15 kwa dakika kwa shinikizo la bar 35, ambalo kwa zulia ni kubwa tayari, inakula kilowati 0.9 hivi. Ni farasi mmoja na kidogo. Injini ya mashine ndogo ya kukata nyasi ingeweza kazi hiyo.

Mlaji mkubwa ni hewa. Wenye kazi hii hupima ufyonzaji kwa inchi za zebaki. Uzito wa hewa inayotuzunguka, pale usawa wa bahari, unaweza kuinua zebaki kwenye mrija hadi inchi 30 hivi. Mashine inapofyonza kwa inchi 12 imeondoa sehemu mbili kati ya tano za uzito huo, tena si ndani ya chupa iliyofungwa, bali huku hewa ikiendelea kumiminika kwa kiasi cha lita 190 kila sekunde kupitia mpira wenye urefu wa mita 30, 40 au zaidi. Zidisha kiasi hicho cha hewa kwa tofauti hiyo ya shinikizo, unapata kilowati 7.7, yaani farasi 10, kabla hujahesabu msuguano wowote. Ukiongeza hasara za kawaida unafika kwenye farasi 14 hivi. Hewa hiyo ndiyo inayofanya kazi ambayo kwetu inafanywa na jua: inayavuta maji kutoka kwenye nyuzi za zulia kabla hayajazama kwenye sponji.

Kifaa kinachofyonza huitwa blowa, na chanzo chake napenda kukikumbuka. Ndugu wawili wa Connersville, jimbo la Indiana, Philander na Francis Roots, walikuwa na kiwanda cha sufu kilichoendeshwa kwa nguvu ya maji. Katika kutafuta gurudumu bora la maji walitengeneza kifaa chenye rota mbili zenye umbo la namba 8, zinazozunguka ubavu kwa ubavu bila kugusana. Kikawafaa zaidi kwa kusukuma hewa kuliko walivyokusudia, wakakipatia hataza mwaka 1860. Umbo hilohilo ndilo lililomo kwenye magari ya kuosha mazulia mpaka leo, na jina la Roots bado limeandikwa kwenye baadhi ya blowa hizo.

Tabia ya blowa hiyo ndiyo inayoamua aina ya injini. Kila mzunguko mmoja husogeza kiasi kilekile cha hewa. Mizunguko ikipungua, hewa inapungua. Kwa hiyo injini haitakiwi kukimbia sana. Inatakiwa kushika mwendo mmoja hata mzigo ukibadilika ghafla. Simama kando ya gari hilo usikilize. Mfanyakazi aliye chumbani akiwa ameinua bomba, hewa inaingia bila kizuizi na mshale wa geji umelala chini. Akiukandamiza mdomo wa bomba kwenye zulia lililolowa, mshale unapanda kuelekea 10, kisha 12, na papo hapo sauti ya injini inashuka kama ya mtu aliyetwikwa mzigo kichwani. Kidhibiti mwendo kinafungua mafuta zaidi, sauti inarudi mahali pake. Sisi neno kidhibiti mwendo tumelizoea kwenye matatu na mabasi, ambako kazi yake ni kuzuia gari lisizidi kasi. Hiki cha kwenye injini ndogo kinafanya zaidi ya hapo: kinazuia mwendo usizidi na pia usipungue.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea wanaposoma kibao. Injini imeandikwa farasi 25, lakini ni farasi 25 kwa mizunguko 3,600 kwa dakika, ambayo kwa injini za aina hii ni mwendo wa juu kabisa. Mashine ya mazulia ikiendeshwa kwa mizunguko 2,800 ili isipige kelele sana na isichakae upesi, na tukichukulia kwamba msukumo wa mhimili wake haujabadilika, zinabaki farasi 19 hivi. Kisha kuna mwinuko. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuishindilia hewa, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Mjini Denver, mita 1,600 juu ya bahari, farasi wale 19 wanakuwa 16. Blowa inataka 14, pampu mmoja na kidogo, mkanda nao unakula chake. Mashine ileile ambayo Miami, kando ya bahari, inafanya kazi bila wasiwasi, Denver inafika ukingoni kila mara bomba linapokandamizwa. Nairobi iko juu kuliko Denver, kwa hiyo aliyehamisha jenereta ndogo kutoka Mombasa kwenda huko anaelewa vizuri ninachosema.

Kibao chenyewe nacho kina historia yake. Wanunuzi wa mashine za kukata nyasi nchini Marekani waliwashtaki watengenezaji, wakidai kwamba injini hazikufikia nguvu zilizotangazwa, na mwaka 2010 mahakama ya shirikisho mjini Milwaukee iliidhinisha makubaliano ya fidia kwa wanunuzi. Uliza kama nguvu iliyoandikwa imepimwa injini ikiwa na chujio lake la hewa na eksozi yake. Isipokuwa hivyo, ipunguze kichwani kabla ya kufanya hesabu nyingine yoyote.

Mpaka hapa tumezungumzia nguvu tu, na kama mambo yangeishia hapo, kuchagua injini ya kuosha zulia kungekuwa sawa na kuchagua ya kusaga nafaka. Jambo linaloitofautisha kazi hii ni joto. Mashine nyingi za aina hii hazina jiko. Maji yanachemshwa na joto ambalo injini nyingine yoyote ingelitupa.

Tazama hesabu hii, maana ndiyo iliyonifanya niipende mashine yenyewe. Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi. Injini ikichoma lita 5 kwa saa, inapokea kilowati 44. Robo yake, 11, ndiyo inayofika kwenye mhimili kuzungusha blowa na pampu. Kilowati 33 zinageuka joto, zikitokea kwenye eksozi na kwenye mwili wa injini. Upande wa pili, kupasha lita 4 za maji kwa dakika kutoka nyuzi joto 15 hadi 95 kunahitaji kilowati 22. Kwa hiyo joto lipo, tena linabaki. Kazi ya fundi ni kulikamata.

Linakamatwaje? Maji safi hupitishwa kwenye mirija iliyozungukwa na moshi wa moto kabla haujatoka nje. Hewa inayotoka kwenye blowa nayo ina joto kwa sababu imeshindiliwa, kwa hiyo baadhi ya mashine huipitisha kwenye mirija pia. Baada ya hapo injini za kupozwa kwa hewa na za kupozwa kwa maji hazifanani tena. Injini ya silinda mbili inayopozwa kwa hewa, kama Honda GX690 au zile za Kohler na Vanguard, hupeperusha joto la mwili wake kwa feni, na kwa kawaida sehemu hiyo hupotea hewani. Injini ya kupozwa kwa maji, kama Kubota WG972 ya silinda tatu na cc 962, ina maji ya rejeta yanayozunguka yakiwa na nyuzi joto 80 na zaidi. Maji ya zulia yakipita kwanza kando ya hayo, yanafika kwenye eksozi yakiwa yameshapata nusu ya joto lake.

Kuna na manufaa ya pili. Ndani ya gari hewa ni finyu. Injini ya kupozwa kwa hewa ikianza kuvuta hewa ileile iliyoipasha yenyewe, inachemka, oili inakuwa nyepesi kama maji, na siku zake zinahesabika. Ile yenye rejeta inastahimili zaidi. Ubaya wake ni bei, uzito, na vitu vingi vya kuharibika: pampu ya maji, mipira, kifuniko cha rejeta.

Sasa utaelewa kwa nini dizeli, inayopendwa kwenye kila kazi nzito, hapa haishangiliwi sana. Dizeli inageuza sehemu kubwa zaidi ya mafuta kuwa nguvu, na eksozi yake hupoa sana mzigo unapokuwa mdogo. Sifa hiyo kwenye lori ni fedha, kwenye mashine hii ni maji ya uvuguvugu. Injini ya petroli iliyo kubwa kupita kiasi nayo ina tatizo linalofanana: ikifanya kazi kwa ulegevu, moshi wake haupati moto wa kutosha. Kwa hiyo, kununua kubwa kabisa ukidhani uko salama si sahihi. Dizeli inarudi mezani pale gari lenyewe linapotumia dizeli, kama ilivyo kwa magari mengi ya mizigo Uingereza, kwa sababu kuvuta mafuta kutoka tangi la gari ni raha kubwa kuliko kubeba petroli pembeni.

Wapo wanaoacha kabisa injini ya pili na kuizungusha blowa kwa injini ya gari. Nguvu inakuwa tele, nafasi inabaki, gari linakuwa jepesi. Lakini injini hiyo inafanya kazi saa nyingi gari likiwa limesimama, kilomita kwenye dashibodi hazisogei, na mwenyewe anasahau kubadilisha oili. Tena gari likilala gereji, biashara nzima imelala.

Oili hiyo isichukuliwe kijuujuu. Injini nyingi za kupozwa kwa hewa hutaka oili mpya kila saa 100. Mashine ikinguruma saa 5 kwa siku, ni kila siku 20 za kazi. Kwa hiyo kabla ya kununua, ingia ndani ya gari uone kama mkono wako unafika kwenye plagi, chujio na kizibo cha oili. Nisingenunua injini ambayo chujio lake haliuzwi mjini ninakofanyia kazi, hata ingekuwa nzuri vipi.

Na moshi. Injini ya petroli hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyoonekana wala kunuka, inayoua watu majumbani. Gari lisiegeshwe ndani ya gereji wala chini ya dirisha lililo wazi, na eksozi itazame mbali na mlango wanamopita watoto wa nyumba hiyo. Mpira mrefu umewekwa kwa ajili hiyo pia.

Kama ningekuwa na gari moja na mfanyakazi mmoja wa kushika bomba, ningechukua silinda tatu ya kupozwa kwa maji. Pesa isipotosha, ningechukua silinda mbili ya kupozwa kwa hewa yenye blowa ya kiasi, iwe na farasi wawili watatu wa akiba baada ya kutoa mwendo na mwinuko, na nisingekubali blowa kubwa inayoikaba. Kabla ya kulipa ningeomba zulia lililolowa na robo saa. Ningekandamiza mdomo wa bomba, niuachie, nikandamize tena, huku mtu akinisomea geji ya ufyonzaji na ya joto la maji. Injini inayofaa itashusha sauti kidogo, ikaze, kisha ishike mlio uleule, na dakika ya 15 maji yatakuwa bado yanatoa mvuke.