Kiharusi: "Mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?"

Mgonjwa wa kiharusi akifikishwa idara ya dharura, jambo la kwanza tunalowauliza ndugu zake si umri wala bima. Tunauliza: mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi? Wengi hutazamana tu, wala hatuwalaumu, maana hakuna aliyewaambia kuwa saa hiyo ndiyo inayoamua matibabu. Mzee aliyelala saa tatu usiku akiwa mzima, akaamka saa kumi na mbili asubuhi mkono wa kulia haunyanyuki, sisi tunamhesabia tangu saa tatu usiku. Zimeshapita saa tisa.

Kiharusi kiko cha aina mbili. Mshipa wa damu wa ubongo huzibwa na bonge la damu, au hupasuka damu ikavujia ndani ya ubongo. Wengi ni wa kuzibwa, ingawa Afrika wanaopasukiwa ni sehemu kubwa kuliko Ulaya, na mara nyingi nyuma yake kuna presha iliyoachwa bila matibabu. Aliyezibwa anaweza kuchomwa dawa ya kuyeyusha bonge, ila iwe ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Dawa hiyo ni ghali na haipo kila hospitali. Hata ilipo, wengi hufika muda umepita. Inakadiriwa kuwa mshipa mkubwa ukiziba, kila dakika hufa seli za ubongo zipatazo milioni 1.9.

Kwa macho huwezi kuzitenganisha aina hizo. Huyu mdomo umekwenda upande, yule pia. Huyu maneno hayatoki, yule pia. Kinachotofautisha ni picha ya ndani ya kichwa inayopigwa na mashine ya CT-scan. Ndiyo maana tunakataza kumpa aspirini nyumbani: aliyezibwa itamfaa baadaye kwa maelekezo ya daktari, aliyepasukiwa inaweza kumzidishia kuvuja. Na kidonge cha presha cha jirani kiacheni. Presha hupanda wakati wa kiharusi, na kuishusha ghafla kunaweza kuunyima ubongo hata ile damu kidogo inayopita.

Huku kwetu saa nyingi hupotelea nyumbani. "Ametupiwa kitu." "Ni baridi ya Makete imemshika, mkandeni mafuta." "Alale kidogo, kesho atakuwa sawa." Wengine huchanjwa chale kwanza. Sina ugomvi na wanaotaka kuombewa. Ombeni, ila ombeni mkiwa tayari ndani ya gari. Msimpe maji, uji wala dawa ya kumeza, kwa sababu koo nalo linaweza kuwa limepooza na chakula kikaingia kwenye mapafu. Mlazeni ubavu kama amezimia, andikeni saa, mwondoke.

Muelekee wapi? Aliye Sumbawanga yuko zaidi ya kilomita 300 kutoka hospitali ya rufaa iliyoko Mbeya, na barabara ya Tunduma ina malori yake. Kwa hiyo nendeni kwanza hospitali ya wilaya au ya mkoa iliyo karibu. Pale watapima sukari, kwani sukari ikishuka sana mtu anaweza kufanana kabisa na mwenye kiharusi, na hilo hutibika kwa dakika chache. Ulizeni mapema CT-scan ya karibu iko wapi, na ombeni wapige simu huko mnakopelekwa kabla gari halijaondoka.

Watu hudhani wodi maalumu ya kiharusi ina mashine za ajabu. Kilichomo ni uangalizi wa karibu. Muuguzi anampima kumeza kwa vijiko vya maji kabla ya mlo wa kwanza. Mgonjwa anageuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Homa na sukari vinafuatiliwa, na mtaalamu wa fiziotherapia huanza kazi mapema, mara nyingi mgonjwa angali kitandani. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kuwa wanaohudumiwa hivyo hupona vizuri zaidi kuliko waliotawanywa wodi za kawaida. Kinachotuvurugia ni shangazi anayeingiza uji kwa siri kwa kumwonea huruma mgonjwa.

Kuhusu kinga, utafiti mkubwa wa kimataifa ulihusisha takribani asilimia 90 ya hatari ya kiharusi na mambo kumi yanayoweza kurekebishwa, na presha ndiyo iliyoongoza. Presha haiumi. Mkulima wa Uyole anabeba gunia la viazi huku ikiwa 190 kwa 110, na haamini ukimwambia. Akikubali, anameza vidonge mwezi mmoja, kisha tunasikia: "Nilimaliza dozi, daktari." Presha si malaria. Vidonge vikifanya kazi namba hushuka, na ukiviacha hurudi ilipokuwa. Vikikusumbua, rudi vibadilishwe.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mmoja kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye samaki wa chumvi. Pombe za kienyeji kama ulanzi na komoni zipunguzwe, sigara iachwe kabisa. Mbeya, Iringa na Njombe ni kati ya mikoa yenye maambukizi mengi ya VVU nchini, na VVU huongeza uwezekano wa kupata kiharusi, hata kwa vijana. Anayehudhuria CTC, yaani kliniki ya matibabu ya VVU, aendelee na dawa zake na aombe apimwe presha kila anapokwenda.

Lipo pia la mtu ambaye mkono ulilegea sokoni Mwanjelwa, maneno yakamgomea, kisha baada ya dakika kumi kila kitu kikarudi. Huyo hucheka na kuendelea kuuza nyanya zake. Kumbe mshipa uliziba ukafunguka wenyewe, na siku mbili zinazofuata ndizo za hatari zaidi kupata kiharusi kamili. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama anatembea mwenyewe na anasisitiza kwamba hajambo.