Hemingway Hakupanda Kilimanjaro, Jamani

Wiki hii tena, kambini Barafu, ya mwisho kabla ya kilele cha Kilimanjaro, mwongozaji mwenzangu anawaambia wageni kuwa Ernest Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, alilala pale usiku wa kuamkia kilele, na kwamba hadithi yake ya theluji za Kilimanjaro, The Snows of Kilimanjaro, aliiandikia mlimani. Wageni wakapiga picha mawe. Wagumu, yaani wapagazi wetu, wakacheka pembeni.

Hakupanda. Alikuja Tanganyika mwishoni mwa 1933 kuwinda, akiongozwa na mwindaji Philip Percival, na kambi zao zilikuwa huko Serengeti na Manyara. Januari 1934 akashikwa na kuhara damu kwa amiba, akabebwa kwa ndege hadi Nairobi. Alipopata nafuu akarudi porini. Hadithi yenyewe ilitoka Agosti 1936 katika jarida la Esquire, mwandishi akiwa kwao Marekani siku nyingi.

Hayo ya tarehe ningeyasamehe. Kinachonichoma ni kwamba mtu akiisoma, na wala si ndefu, haoni yeyote anayepanda chochote. Harry, naye ni mwandishi, amelala kitandani nyikani. Mwiba ulimchubua gotini, akapuuza kutia dawa, sasa ni donda ndugu. Anamtolea mkewe maneno makali, anangoja ndege, na anajutia hadithi zote alizokuwa akiziahirisha mpaka muda umemwishia. Mlima unatajwa kidogo pale mwanzoni, halafu tunauona mwishoni, mweupe, machoni pa mtu anayekata roho huku akidhani ndege imemfuata. Kileleni hakufika. Ndiyo hadithi yenyewe! Ukiigeuza tangazo la Uhuru Peak, kilele chetu, umemnyang'anya Harry kifo chake ukamvalisha viatu vya kupandia.

Chui wa kwenye theluji, anayetajwa mwanzoni mwa hadithi na mnayemuulizia kila safari, alikuwepo kweli: mchungaji wa kanisa Richard Reusch alimkuta ameganda huko juu mwaka 1926. Urefu wa mlima msiuchukue humo. Hadithi inasema futi 19,710, ambazo zinapita mita 6,000. Sisi tunapanda mita 5,895, na zinatutosha.

Kuna maelezo mengine yanayopendwa hata na wasomi, kwamba ile ndege ya mgonjwa ndiyo iliyozaa hadithi. Nami huwasimulia wageni hivyo, maana inanoga. Lakini moyoni nasitasita. Mgonjwa, nyika, ndege: vinafanana mno na maisha yake, ila kufanana si ushahidi, na mtunzi ana njia zake za kupata mwisho.

Kama mnataka jina Hemingway lililoshikamana na mlima huu, mnalipita mkishuka. Mwanawe, Patrick, aliishi nchini kwa miaka mingi, akawa na biashara ya kuongoza wawindaji, kisha akafundisha Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka. Mweka hii hii, ambako wateja wa njia ya Machame wanatokea magoti yakitetemeka, wakiulizia soda. Sijawahi kumsikia mwongozaji hata mmoja akimtaja.

Na ndugu zetu wa Babati mmelala. Kitabu cha Hemingway cha ile safari ya kuwinda, Green Hills of Africa cha 1935, kimepita kwenu na kuwataja kwa jina. Hakuna kibao, hakuna ziara, huku sisi tukiuza mawe ya Barafu.