Kipimo cha Mohs: ugumu wa jiwe si kutovunjika

"Almasi haivunjiki, ina 10 kwenye kipimo cha Mohs." Maneno haya wauza vito huyasema kila siku, na kwenye matangazo ya pete yamejaa tele. Kwamba almasi ina 10 ni kweli. Kwamba haivunjiki si kweli, na watu wanapata hasara kwa kuamini hivyo.

Kipimo cha Mohs hupanga madini kwa jambo moja tu: lipi linalikwaruza lipi. Ngazi ni 10, kuanzia talki, ambayo hata ukucha unaikwaruza, hadi almasi. Jiwe usilolijua likikwaruza felspa (6), nalo likakwaruzwa na kwatzi (7), basi ugumu wake uko kati ya hayo mawili.

Friedrich Mohs, aliyebuni kipimo hiki, alizaliwa mwaka 1773 huko Gernrode, Ujerumani, akasomea madini Freiberg chini ya Abraham Gottlob Werner. Mwaka 1802 alikwenda Vienna kupanga na kuorodhesha mawe ya tajiri mmoja wa benki, van der Nüll. Kupima kwa kemia kulitaka kipande kisagwe na kuyeyushwa kwa tindikali, na mali ya mtu huwezi kuisaga. Mohs mwenyewe aliamini kwamba jiwe litambuliwe kama mtaalamu wa mimea anavyotambua mmea, kwa sifa zake za nje: umbo, uzito, ugumu. Wanakemia hawakukubaliana naye, na katika kuainisha madini wao ndio walioshinda. Lakini ile orodha ya mawe 10, aliyoipanga mnamo 1812 alipokuwa Graz, Austria, hakuna aliyeiondoa. Baadaye alirithi kiti cha ualimu cha Werner kule Freiberg, akarudi Vienna, na mwaka 1839 akafariki safarini, Agordo, Italia.

Sasa, kukwaruzika na kuvunjika ni mambo mawili mbali kabisa. Ndani ya almasi kuna pande nne ambazo jiwe hupasuka kwa unyoofu likipigwa sawasawa, na wakataji wa almasi wametumia siri hiyo kwa karne nyingi. Katika Roma ya kale iliandikwa kwamba almasi ikiwekwa juu ya fuawe, nyundo ndiyo itakayopasuka. Mtu akijaribu leo atabaki na vipande. Jedi, jiwe la kijani la mapambo, kwa upande wake haizidi 7, lakini nyuzi zake zimesukana kiasi kwamba kuivunja ni kazi kubwa kuliko kuivunja almasi.

Kosa la pili ni la hesabu, na hili linaniudhi zaidi kwa sababu hufanywa na waliosoma. Namba za Mohs ni za nafasi, kama za wakimbiaji waliomaliza mbio: zinasema nani alitangulia, hazisemi kwa dakika ngapi. Almasi (10) haizidi yakuti (9) kwa hatua moja ndogo. Kwa vyombo vinavyopima ugumu wenyewe, almasi huizidi yakuti takriban mara nne, na pengo hilo ni kubwa kuliko lote lililopo kati ya talki na yakuti.

Tanzanaiti ya Mirerani iko kati ya 6 na 7, na hapo ndipo kipimo kinapomfaa mnunuzi. Vumbi la kawaida lina chembe za kwatzi, yaani 7. Ukifuta pete yako kavukavu kwa kitambaa, chembe hizo zinalikwaruza jiwe kidogo kidogo hadi linafifia. Ioshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Tena tanzanaiti hupasuka kirahisi kwa upande mmoja, jambo ambalo namba ya Mohs haikwambii kabisa.

Kwa hiyo ukisikia tena kwamba jiwe fulani lina 9 au 10 na kwa hiyo haliwezi kuvunjika, msahihishe msemaji taratibu: namba hiyo inahusu mkwaruzo. Habari za nyundo aulize kando.