Pilipili hoho ndani ya asumini: matumizi ya noti ya mboga mbichi katika manukato

Noti ya mboga mbichi, yaani harufu ya kijani inayosikika miongoni mwa harufu nyingine za mchanganyiko, haiwekwi kwenye manukato ili mtu anukie kama kapu lililotoka soko la Majengo. Kazi yake ni kuyapa maua maji. Asumini iliyochanganywa kwa vitu vitamu peke yake, hasa ikilaliwa na vanila na miski kama wateja wangu wengi wa hapa Dodoma wanavyopenda, huwa nzito na hukinaisha mapema, lakini ikitiwa kijani kidogo huwa ua lenye kikonyo na majani, ua linaloonekana bado liko shambani.

Ugumu wa noti hii ni kwamba malighafi zake hazilingani hata kidogo kwa nguvu wala kwa muda wa kukaa. Chukua jani la mchicha: likiwa zima halina harufu kubwa, lakini ukilivunja, vimeng'enya hukata asidi ya linoleniki iliyomo ndani yake na kuzalisha heksenali, ambayo sehemu yake hugeuka kuwa heksenoli, ile harufu ya nyasi zilizofyekwa sasa hivi. Heksenoli inavutia, ila ni nyepesi mno. Ukiidondosha kwenye karatasi ya kunusia wakati wa joto la mchana wa Oktoba hapa kwetu, inaanza kukuaga kabla hujamaliza kuandika maelezo yake kwenye daftari.

Upande wa pili ipo isobutili-methoksipirazini, kemikali inayoifanya hoho inukie hoho. Pua ya mwanadamu inaitambua ndani ya maji hata ikiwa sehemu 2 tu kwa trilioni moja. Ndiyo hiyo hiyo inayoupa mvinyo wa Cabernet Sauvignon harufu ya hoho pale zabibu zinapochumwa kabla ya kukomaa, kwa kuwa hupungua kadiri kichala kinavyoiva na kupata mwanga wa jua. Wapenzi wa mvinyo watakuwa wameinusa bila kuijua jina. Katika manukato haitumiki ikiwa safi kamwe. Ninapima gramu 1 ya kemikali kwa gramu 99 za dipropilini glaikoli, ambayo ni kiyeyushi, natikisa, kisha nachukua gramu 1 ya mchanganyiko huo na kuitia tena kwenye gramu 99 nyingine, hivyo kupata myeyusho wa asilimia 0.01, na huo ndio ninaoingiza kwenye asumini tone kwa tone huku nikinusa. Chupa ya kemikali yenyewe ikae mbali na meza, na glavu zitupwe mara moja, kwani chembe iliyobaki kwenye kizibo inatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Kati ya hizo mbili kunahitajika daraja, na kwa maoni yangu hakuna lililo bora kuliko galbanamu, utomvu wa mimea ya jamii ya Ferula inayoota Iran, ambao Biblia ya Kiswahili katika Kutoka 30:34 inauita kelbena. Galbanamu ina pirazini yake ya asili, yaani kemikali ya jamii ya ile ya hoho, ina ukali wa kijani unaokaribia ganda la njegere, na chini yake kuna utomvu unaoshikilia harufu kwenye ngozi. Mtengeneza manukato Germaine Cellier alipotengeneza Vent Vert, manukato ya nyumba ya mitindo ya Balmain, mwaka 1947 aliiweka kwa takriban asilimia 8, kiasi ambacho hata leo ni cha ujasiri. Mimi sifiki huko, kwa sababu kwa mteja aliyezoea udi ingekuwa chungu.

Tango ni rahisi zaidi: nonadienali, kemikali inayopatikana pia katika majani ya mmea wa urujuani, huleta ubaridi wa kimaji, ingawa ikizidi huanza kukumbusha samaki. Kabichi na sukuma wiki sizigusi. Zikipikwa hutoa misombo ya salfa, na pua ya mnunuzi itakwenda jikoni moja kwa moja, mahali ambapo hakuna anayetaka kulipia.

Jambo moja husahaulika sana. Heksenali na nonadienali ni za kundi la kemikali liitwalo aldehidi, na aldehidi zikikaa ndani ya spiriti huungana nayo polepole na kulainika, ilhali pirazini haibadiliki hivyo. Mchanganyiko uliokuwa na uwiano mzuri siku ya kwanza unaweza baada ya wiki kadhaa kuonyesha hoho peke yake, imejitokeza juu ya asumini. Kwa hiyo nanusa tena manukato yakishatulia ndani ya spiriti, kwenye karatasi na kwenye ngozi, na hapo ndipo ninapoamua ni matone mangapi ya ule myeyusho yabaki kwenye fomula.