Je, wajua kwa nini mtawa wa Kibudha asiyekula jioni huruhusiwa kulamba asali?

Sokoni Tabora muuza asali hana haja ya kupiga debe. Anafungua dumu, anachovya kijiti, anakudondoshea tone mgongoni mwa mkono, kisha ananyamaza. Unalamba. Kabla hujauliza bei, mkono umeshanyooka tena, naye anacheka maana alijua itakuwa hivyo. Wahenga walishamaliza: mchovya asali hachovyi mara moja.

Sasa watawa wa Kibudha wa madhehebu ya Theravada, wale wa Sri Lanka, Thailand na Myanmar, wana mfungo ambao ukiutazama kwa macho ya Ramadhani utauona umepinduliwa. Wanakula tangu alfajiri hadi jua la utosi, halafu basi, mpaka alfajiri nyingine. Ni kila siku, mwaka mzima. Hata ndizi moja ya jioni ni kosa. Lakini mtawa akiwa na homa, au amelegea kwa njaa, ukampa asali saa kumi na mbili jioni, ataipokea na kuilamba bila kuvunja kanuni yoyote.

Sababu yake imo katika Vinaya, mkusanyiko wa kanuni za watawa. Inasimuliwa kwamba Budha alipokuwa Savatthi, kaskazini mwa India, watawa wake waliugua maradhi ya msimu. Chakula kiliwatapisha, wakakonda, ngozi ikapauka, mishipa ikawatoka. Budha akatafuta vitu ambavyo watu wanavihesabu kuwa dawa, vyenye kutia nguvu, lakini visivyohesabika kuwa mlo. Akaruhusu vitano: samli, siagi, mafuta, asali na sukari ya miwa. Muislamu wa Tabora hapa hashangai, kwani Sura ya An-Nahl nayo inataja ponyo katika kinywaji cha nyuki.

Kisa hakikuishia hapo, na kwangu mimi kinachofuata ndicho kitamu zaidi. Mtawa mmoja, Pilindavaccha, alipendwa mno na watu, wakawa wanamletea dawa hizo kwa wingi. Akawagawia wenzake. Wenzake wakajaza vyungu, wakajaza mitungi, wakaning'iniza mifuko madirishani. Vyombo vikavuja, panya wakaingia, makao yakawa kama ghala la mfanyabiashara. Watu wakanung'unika: hawa waliacha mali kweli? Ndipo ikawekwa kanuni kwamba dawa hizo zisikae kwa mtawa zaidi ya siku saba.

Tazama kilichotokea. Asali ni ileile. Ilipoingia kwa mgonjwa ilikuwa dawa, ilipoingia kwa mwenye kulimbikiza ikaleta panya. Budha aliuita mzizi wa taabu ya binadamu kwa neno la Kipali, lugha ya maandiko hayo ya kale: tanha, ambalo maana yake hasa ni kiu. Anachokilaumu si utamu. Ni ile kiu ya kutaka utamu urudi, ubaki, uongezeke, katika dunia ambayo hakuna kinachobaki.

Ndiyo maana Wabudha hukaa kutafakari. Wengi hudhani ni kufumba macho na kutowaza chochote, kazi ambayo sijui nani angeiweza. Kwa kawaida mtu huanza kwa kukaa wima na kuifuatilia pumzi inavyoingia na kutoka. Akili ikikimbilia kwenye dumu la asali, anatambua kwamba imekimbia, anairudisha bila kujigombeza, hata mara mia. Kwa mazoezi anaanza kuona kitu ambacho pale sokoni hukupata nafasi ya kukiona: kwanza ulimi unahisi utamu, halafu inakuja kiu, halafu ndipo mkono unanyooka. Hisia huja zenyewe. Hapo kati ya hisia na kiu ndipo mnyororo unapoweza kukatika. Ukikatika kabisa, hiyo ndiyo nirvana, neno ambalo maana yake ya asili ni kuzimika, kama moto uliokosa kuni. Mrina asali wa Sikonge, anayejua cheche iliyosahauliwa inavyoweza kuufanya msitu wa miombo, hahitaji kuelezwa zaidi.

Waumini wa kawaida hawafungwi na saa za kula. Wao wana ahadi tano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutotumia vilevi. Kwa hiyo asali ni halali yao, ila ikishageuka wanzuki, hapana.

Na ukipanda treni ya Dar es Salaam na lita yako ya asali ya Tabora, Upanga kuna hekalu la Kibudha lililoanzishwa na watu wa asili ya Sri Lanka enzi za ukoloni. Usiiweke mezani ukadhani umetoa: mtawa haruhusiwi kutia kinywani chakula wala dawa ambayo hakukabidhiwa. Mpe mkononi. Kisha ahesabu siku zake saba.