"Sisi Wazima, Tupimwe cha Nini?" Dhana Potofu Kuhusu Kromosomu na Ubongo wa Mtoto

Kila mtoto anapothibitika kuwa na sindromu ya Miller-Dieker (ugonjwa wa kromosomu wa kuzaliwa nao, unaouacha ubongo bila mikunjo), sentensi ni ileile: "Sisi wote wazima, kwetu hakuna mlemavu, tupimwe cha nini?" Husemwa kwa upole, husemwa kwa hasira, na mara nyingine husemwa na daktari aliyeandika rufaa, ambaye alipaswa kujua zaidi. Dhana hii ndiyo inayowafikisha watu kwenye mimba ya pili na ya tatu yenye tatizo lilelile, kwa hiyo hapa itapewa nafasi kubwa. Nyingine zitapata mistari yake na kupita.

Dhana: "Wazazi hawana ugonjwa, kwa hiyo kromosomu zao ziko sawa"

Miller-Dieker hutokana na kupotea kwa ncha ya mkono mfupi wa kromosomu 17 (moja ya nyuzi za DNA zinazobeba jeni), eneo la 17p13.3. Humo imo jeni ya LIS1 (kwenye ripoti huandikwa PAFAH1B1), iliyotambuliwa mwaka 1993, na karibu zaidi na ncha iko YWHAE. Seli za neva za gamba la ubongo huzaliwa kandokando ya mashimo ya maji yaliyo katikati ya ubongo, kisha husafiri kwenda juu kulijenga gamba. Protini ya LIS1 husaidia dainini, mota inayovuta kiini cha seli katika safari hiyo. Nakala ikibaki moja badala ya mbili, seli nyingi hukwama njiani. Gamba linalotakiwa kuwa na tabaka 6 na unene wa milimita chache hutoka na tabaka 4 na unene wa sentimita moja au zaidi, na uso wa ubongo hubaki laini bila mikunjo. Hiyo ndiyo lisensefali.

Takriban visa 8 kati ya 10 hutokea upya kwa mtoto mwenyewe. Viwili vilivyobaki hutoka kwa mzazi mwenye translokesheni ya uwiano: ncha ya kromosomu yake ya 17 imebadilishana nafasi na ncha ya kromosomu nyingine, na hakuna kilichopotea. Ni kama fundi aliyekosea akashona mikono ya shati hili kwenye lile. Mwenye mashati yote mawili hakosi kitambaa. Anayerithi moja tu ndiye atakayeona upungufu. Mzazi huyo amesoma, anafanya kazi, hana dalili hata moja, na kwa kawaida hatakuwa nayo. Takriban mtu 1 kati ya 500 hubeba translokesheni ya kubadilishana vipande mahali fulani, na wengi huzeeka bila kujua.

Mambo huharibika wakati wa kutengenezwa kwa yai au mbegu ya kiume. Kromosomu nne zinazohusika, mbili za kawaida na mbili zilizobadilishana, hupangana pamoja kisha hugawanyika. Mtoto anaweza kupata seti ya kawaida, au seti ya uwiano kama ya mzazi, au akapungukiwa ncha ya 17 na kuzidishiwa ncha ya ile nyingine, au kinyume chake. Ndiyo maana mzazi mmoja anaweza kuwa na mtoto mzima kabisa, mimba mbili zilizotoka, na mtoto mwenye Miller-Dieker, na kila mtu ukooni akadhani ni mikosi isiyohusiana. Tafadhali msigawe robo kwa robo mkasema "nafasi ni asilimia 25". Kiasi halisi hutegemea mahali kromosomu zilipokatika na ukubwa wa vipande. Na hapa watu huelewa kinyume: vipande vikubwa kwa kawaida huishia mimba kutoka mapema, ilhali vipande vidogo vya nchani, kama hiki cha 17p, ndivyo vinavyoruhusu mimba kufika mwisho na mtoto kuzaliwa na ulemavu mzito.

Sasa upimaji, maana makosa mengi hufanyika hapo.

Anza kwa kusoma ripoti ya mtoto. Kama kariotaipu (kipimo cha kuzitazama kromosomu zenyewe kwa darubini) imeandika "der(17)" badala ya "del(17)", yaani upungufu tu, maabara inakwambia kwamba kromosomu hiyo imebeba kipande cha kromosomu nyingine, na kuna uwezekano mkubwa mzazi ana translokesheni. Kama ni maikroarei (kipimo kinachohesabu kiasi cha DNA), tafuta mistari miwili: upungufu 17p13.3 (x1, nakala moja) pamoja na ziada (x3, nakala tatu) kwenye ncha ya kromosomu nyingine, kwa mfano 10q26, ncha ya mkono mrefu wa kromosomu 10. Ukiona jozi hiyo, wazazi wapimwe sasa, kabla ya mimba nyingine. Lakini kutoiona jozi si ruhusa ya kuacha. Ncha ya 17 ikiwa ilibadilishana na mkono mfupi wa kromosomu 13, 14, 15, 21 au 22, maikroarei haionyeshi ziada yoyote, kwa kuwa mikono hiyo haipimwi. Kwa hiyo kila mtoto mwenye upungufu wa 17p13.3, wazazi wote wawili hupimwa.

Wapimwe kwa kipimo gani? Kosa linalokera kuliko yote ni kuwapima kwa maikroarei ileile iliyompima mtoto. Maikroarei huhesabu kiasi cha DNA. Mzazi mwenye translokesheni ya uwiano ana kiasi kamili, kwa hiyo jibu litakuwa "kawaida" hata kama kipimo kitarudiwa mara kumi. Familia imelipa hela nyingi, imepewa karatasi yenye muhuri, na imedanganyika. Wazazi wanahitaji kariotaipu pamoja na FISH (kipimo kinachobandika alama inayong'aa kwenye eneo moja la kromosomu) ya 17p13.3 kwenye seli zilizo katika metafasi, hatua ya kugawanyika ambapo kromosomu huonekana mojamoja. FISH si ya hiari. Kariotaipu ya kawaida huona mabadiliko ya takriban megabesi (herufi milioni za DNA) 5 hadi 10 na kuendelea, na ncha ya 17p ni fupi kiasi kwamba kubadilishana kwake hupita bila kuonekana. Kwenye FISH, alama inayong'aa ya 17p13.3 huonekana imekaa mwishoni mwa kromosomu isiyo yake, na ubishi huisha.

Damu ya kariotaipu na FISH huchukuliwa kwenye chupa ya kifuniko cha kijani (heparini ya sodiamu), mililita 5 kwa mtu mzima, 2 hadi 3 kwa mtoto. Chupa ya zambarau (EDTA) ni ya DNA, inafaa kwa maikroarei. Kariotaipu inataka seli hai: hukuzwa kwa takriban saa 72, husimamishwa zikiwa zinagawanyika, ndipo kromosomu hupakwa rangi na kusomwa. Sampuli ikigandishwa, ikikaa juani kwenye gari, au ikizunguka na kifurushi wikiendi nzima, seli hufa na jibu hurudi "hazikukua". Kwetu Afrika Mashariki sampuli nyingi husafirishwa nje, kwa hiyo chukua damu Jumatatu au Jumanne, si Ijumaa mchana. Tikisa chupa taratibu mara 8 hadi 10 isigande, na iandikie maabara neno kwa neno unachotafuta: "translokesheni ya uwiano inayohusu 17p13.3". Fomu iliyoandikwa "uchunguzi wa vinasaba" peke yake hupata jibu la jumlajumla.

Dhana: "Tumefanya kipimo kikubwa kabisa, hakuna kilichoonekana"

Kipimo kikubwa cha nini? Kromosomu 20 ya duara ni mfano mzuri. Ncha zake mbili zimeungana, mara nyingi bila kupoteza kitu, na katika wagonjwa wengi duara limo kwenye baadhi tu ya seli. Mtoto hukua vizuri, kisha hupata kifafa kisichosikia dawa, pamoja na vipindi virefu vya kuduwaa ambavyo walimu huviita uvivu. Maikroarei huwa safi. Kariotaipu ya seli 20 inaweza kulikosa. Iombe maabara isome seli 100.

Dhana: "Kimetoka upande wa mama"

Mzazi yeyote anaweza kubeba, na anayembebesha mke lawama kabla ya kupimwa mwenyewe anapiga ramli. Zaidi ya hayo, translokesheni nyingi zinazotokea upya huanzia kwenye mbegu ya baba. Umri wa mama nao hauna nafasi hapa: unahusu kromosomu nzima kuzidi, kama katika sindromu ya Down ya kawaida, si vipande kuhama. Mama wa miaka 22 hana kinga.

Ndoa za binamu, zinazotajwa sana Pwani na Oman, huongeza magonjwa yanayohitaji nakala mbili mbovu za jeni moja. Hazisababishi kromosomu kukatika. Sindano na vidonge vya uzazi wa mpango, pilipili, kupanda bodaboda mimba ikiwa ya miezi mitano: yote hayo hayamo. Mpangilio huu huwapo tangu yai na mbegu vinakutana. Asidi ya foliki mikrogramu 400 kwa siku ni jambo jema kwa kuzuia mgongo wazi, kromosomu haizigusi.

Dhana: "Ultrasaundi ya wiki 20 ilisema ubongo mzuri"

Kwa wiki 20 ubongo wa kila mtoto bado ni laini karibu wote. Mikunjo hujitokeza polepole, na lisensefali huwa ngumu kuitambua kwa picha kabla ya wiki 24 hivi. Mara nyingi huonekana baadaye zaidi, au baada ya kuzaliwa kwa MRI. Mzazi anayejulikana kuwa na translokesheni hapaswi kutegemea ultrasaundi. Kipimo chake ni sampuli ya kondo wiki ya 10 hadi 13, au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, na FISH ya eneo husika.

Dhana: "Hilo ni degedege", au "ni chango tu"

Hii ni ya pili kwa kuudhi, kwa sababu inapoteza wiki zenye thamani. Watoto wengi wenye lisensefali huanza kifafa kabla ya miezi 6, na aina inayopotewa zaidi ni spasimu za watoto wachanga. Hazifanani na degedege. Hakuna homa, hakuna kutikisika kwa dakika kadhaa. Mtoto anaamka, kichwa kinainama ghafla, mikono inaruka mbele au pembeni, magoti yanajikunja, sekunde moja au mbili, kisha analegea. Baada ya sekunde chache inarudi. Inakuja kwa mfululizo, mara kumi, ishirini, na katikati yake mtoto hulia. Bibi anaona tumbo linamsokota na kumpa dawa ya chango. Jirani anasema amestuka.

Msisubiri. Rekodini video ya simu inayoonyesha mwili mzima, mfululizo wote, bila blanketi, na mpelekeni hospitali yenye EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) siku hiyo au kesho yake. Video hiyo ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa. Fenobabitoni, ambayo ndiyo hutolewa kwa haraka kila mahali, kwa kawaida haizuii spasimu, na kabamazepini inaweza kuzizidisha. Dawa zenyewe ni ACTH (homoni ya sindano) au predinisoloni ya dozi kubwa, au vigabatrini. Kabla ya predinisoloni mtoto achunguzwe kifua kikuu na maambukizi mengine, apimwe shinikizo la damu na sukari, na chanjo zenye virusi hai zisubiri. Dawa hii haikatizwi ghafla hata spasimu zikiisha siku ya tano. Hupunguzwa hatua kwa hatua.

Sambamba na kifafa kuna kumeza. Maziwa yakiingia njia ya hewa mtoto hapaliwi kila mara; wakati mwingine anakoroma tu anaponyonya, kisha anapata nimonia ya tatu ndani ya miezi minne. Alishwe akiwa ameinuliwa, uji uwe mzito kidogo, na nimonia zikijirudia suala la mrija wa tumboni lizungumzwe mapema. "Atafunguka akikua" si mpango. Safari ya zile seli za neva ilikwisha kabla hajazaliwa, na wengi wa watoto hawa hufariki katika miaka ya mwanzo. Kinachobadilika kwa matunzo ni maumivu, pumzi na usingizi, wake na wenu.

Dhana: "Translokesheni ikiwa ya uwiano haina madhara kamwe"

Kwa kawaida haina, hasa ikirithiwa kutoka kwa mzazi mzima. Lakini mkato unaweza kupita katikati ya jeni. Huko Scotland inajulikana familia kubwa yenye translokesheni ya uwiano kati ya kromosomu 1 na 11, ambamo wabebaji wengi wamepata skizofrenia na magonjwa mazito ya hisia. Jeni iliyokatwa kwenye kromosomu 1 ilipewa jina DISC1 mwaka 2000. Na translokesheni mpya inayogunduliwa mimbani kwa mtoto ambaye wazazi wake hawanayo, katika takwimu za mtafiti wa vinasaba Warburton za mwaka 1991, iliambatana na kasoro kwa takriban 6 kati ya 100. Kwa hiyo swali la kwanza ni lilelile: wazazi wamepimwa?

Dhana: "Basi tuwapime watoto wote leo"

Taratibu. Mtoto mzima wa miaka saba hafaidiki kwa kujua leo kuwa ni mbebaji. Atapimwa akikaribia kuzaa, kwa hiari yake. Wanaohitaji kupimwa sasa ni kaka na dada za mzazi mwenye translokesheni walio katika umri wa uzazi, hasa wenye mimba zilizotoka mara mbili au zaidi. Wapeni nakala ya ripoti yenye mstari wa kariotaipu, msiwaambie kwa mdomo "kuna shida ya damu". Maabara huhitaji kuona mahali hasa kromosomu zilipokatika ili ichague alama za FISH za ncha zote mbili. Bila mstari huo wataanza upya kwa kariotaipu ya kawaida, na tayari mnajua inavyoweza kupitwa.