Taa kuwaka si ushahidi: ufundi umeme kwenye mkondo wa amali

Tangu mtaala mpya wa amali, yaani wa kusomea fani ya kazi, uanze kutumika kidato cha kwanza Januari 2024, swali ninaloulizwa sana na wazazi hapa Dar es Salaam huja limefunikwa kwa adabu: "Mwalimu, huu mkondo wa amali si ni wa wale ambao kichwa hakijakaa sawa?" Wengine hawalifuniki kabisa. Mama mmoja wa Temeke alitaka kujua mwanawe kakosa nini hata ashikishwe plaizi wakati binamu zake wanasoma fizikia. Nikamwambia mama, mwanao fizikia ataisoma, tena ile inayomrusha mtu akiikosea. Hakucheka.

Mfumo wenyewe kwa ufupi, maana wengi wanausikia vipande vipande. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mikondo miwili sekondari: elimu ya jumla na elimu ya amali. Wa amali anachukua fani, iwe umeme, uashi, ushonaji, kilimo, hata michezo au muziki, kutegemea shule ina nini, lakini Hisabati na Kiingereza haviepuki. Mwisho wa kidato cha nne anatahiniwa pande mbili: NECTA, baraza la mitihani, kwa masomo ya jumla, na NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, kwa fani. Walioanza 2024 ndio wa kwanza kufika huko, mwaka 2027. Kabla ya hapo, anayekuambia mpango umefaulu au umeanguka anabahatisha tu.

Wala jambo lenyewe si geni nchini. Shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga zina historia ndefu, chuo kilichokuja kuwa DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, kilianza 1957, Elimu ya Kujitegemea ikatangazwa 1967, na miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Karakana za enzi hizo nimeziona kadhaa. Baadhi zimekuwa stoo za madawati mabovu. Mashine ya kuranda bado imesimama pale, nzito kiasi kwamba hata mwizi kaisamehe, lakini msumari hakuna, gundi hakuna, mkanda hakuna. Nitalirudia hili la vifaa vinavyoisha, maana ndilo linaloua karakana kimyakimya.

Sasa twende darasani kwangu. Mimi nafundisha umeme wa majumbani, na nina msimamo mmoja ambao wenzangu wengine wanauona ni ukorofi: mwanafunzi hajawa fundi kwa kuunganisha waya. Kuunganisha kunafundishika haraka. Mpe kijana mchoro, kebo, soketi mbili, swichi na kishika balbu, na baada ya vipindi vichache ubao wake utawaka na picha atapiga. Ufundi unaanzia kwenye kupima alichokifunga na kutafuta hitilafu asiyoiona kwa macho.

Nitaeleza kwa kosa moja ambalo nyumba za mji huu zimejaa. Fundi anaweka swichi kwenye nyutro, waya unaorudisha umeme, badala ya laivu, waya unaouleta. Ukibonyeza, taa inawaka. Ukibonyeza tena, inazima. Mwenye nyumba anafurahi, fundi analipwa, anaondoka. Lakini taa ikiwa imezimwa, kwenye kile kishika balbu umeme bado upo, volti 230 nzima, unamsubiri atakayepanda kwenye kiti kubadilisha balbu akiamini amezima. Au chukua ethi, waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Nyumba isiyo na ethi inafanya kazi zake zote: feni inazunguka, pasi inapata moto, friji linagandisha. Kasoro itajitokeza siku laivu itakapogusa bodi la friji na mtoto akalishika akiwa peku kwenye sakafu yenye maji. Kwa hiyo darasani kwangu neno "Mwalimu, inawaka!" halina maksi hata moja. Wanalijua, na bado kila wiki yuko anayelitamka.

Zoezi linakwenda hivi. Kidato cha kwanza tunaanza na betri ya volti 12 na balbu za pikipiki, wajifunze njia ya umeme bila hofu. Wakishaielewa, watano watano wanapewa ubao wa mbao wenye vifaa halisi: meni swichi, breka, soketi, taa ya swichi mbili ile ya kwenye ngazi. Wakimaliza kufunga, ubao hauunganishwi na umeme. Wanaupima ukiwa umekufa. Kwanza mwendelezo wa waya wa ethi, kutoka kwenye meni hadi kila soketi, kwa maltimita. Kisha insulesheni, lile ganda linalozuia umeme usivuje kwenye waya, kwa kipimo kiitwacho mega: volti 500 za mkondo mnyoofu zinapitishwa kati ya laivu na nyutro, na kati ya hizo na ethi, na kipimo kisishuke chini ya megaohmu 1. Kisha wanahakiki kwamba kila swichi imekata laivu. Kila namba inaandikwa kwenye karatasi na aliyepima anasaini jina lake. Umeme wa kweli unakuja mwisho, nikiwa nimesimama pale, kupitia kifaa kinachokata mkondo ukivuja miliampea 30.

Halafu ndiyo inakuja sehemu ninayoipenda. Wanatoka nje, mimi nauharibu ubao. Nalegeza skurubu moja ya nyutro, au naweka kipande cha waya uliokatika ndani ya bomba ambako hakuna jicho litakaloona, au nabadilisha waya mbili kwenye swichi za ngazi. Wakirudi wanapewa maelezo ya mteja na si zaidi: "Taa ya juu inawaka ukiwa chini tu." Kisha nawaangalia. Asiyeelewa anaanza kufungua kila kitu. Aliyeelewa anakaa kwanza na mchoro, anajiuliza hitilafu gani zinaweza kuleta dalili hii, kisha anachagua kipimo kimoja kitakachofuta nusu ya hizo. Hapo ndipo nabaini nani anatumia akili na nani anatumia bisibisi, na nakuhakikishia mzazi, kipimo hiki hakimbembelezi mvivu wa kufikiri.

Hesabu nayo haina pa kujificha. Chukua ile waya ya kuongeza soketi ya bei rahisi inayouzwa Kariakoo. Nyingi unakuta ndani ni waya wa milimita za mraba 0.75, ambao kwa kawaida hubebeshwa ampea 6. Jagi la kuchemshia maji la wati 2,000, ukigawa kwa 230, linataka ampea 8.7. Mwanafunzi aliyewahi kuona waya ukilainika na kunuka nyumbani kwao anaipiga hesabu ile kwa hasira kidogo.

Au ile ya banda la uani, ambayo kila mwenye fremu mtaani inamhusu. Mtu anavuta umeme kutoka nyumba kubwa, mita 40 hadi nyuma, kwa kebo ya milimita za mraba 2.5, huko kuna friza mbili na jiko, jumla ampea 20. Kebo hiyo hupoteza takriban milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Zidisha: 18 mara 20 mara 40, gawa kwa 1,000, unapata volti 14.4 zilizopotea njiani. Kiwango tunachofuata ni upotevu usiozidi asilimia 5 ya volti 230, yaani volti 11.5. Badilisha uweke ya milimita za mraba 4, ambayo hupoteza takriban milivolti 11, upotevu unashuka hadi 8.8. Swali la mtihani wangu huwa halisemi "kokotoa". Linasema mteja analalamika kebo nene ni ghali, mjibu kwa sentensi tatu na namba.

Na mji wenyewe unafundisha. Masika yakikolea, kuta zikinywa maji, nyumba iliyopima vizuri Januari inaweza kutoa kipimo kibovu cha insulesheni Aprili. Kigamboni na Msasani hewa ya chumvi inakula viunganishi vya ethi, na fimbo ya ethi iliyozikwa ardhini zamani inaweza kubaki jina tu. Kitabu cha nchi ya baridi hakitakuambia haya.

Kuna watu wanasema watoto hawa waende moja kwa moja kwa mafundi: Gerezani kwa chuma, Keko kwa samani, gereji za Tabata kwa magari. Nakubaliana nao nusu. Kule kuna kasi, kuna wateja wenye hasira, kuna kujua bei, vitu ambavyo karakana ya shule haiwezi kuvitengeneza. Niliwahi kumwalika fundi wa mtaani, mzee aliyejifunza kwa kusaidia mafundi wenzake na baadaye akapata cheti kupitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwenye ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Vijana wakampa shikamoo, nikampa ubao niliouharibu. Hakugusa kipimo. Akawageukia: "Nani wa mwisho kushika hapa, na alishika wapi?" Wakanyoosha vidole kwangu. Akacheka, akaniomba nisogee, akafungua kisanduku kilekile nilichosimama mbele yake. Darasa zima lilijifunza siku ile kwamba kumhoji mtu nako ni kupima. Lakini mzee huyohuyo alikubali kwamba waya wa ethi hakuwahi kuupima miaka mingi, kwa sababu hakuna mteja aliyeuliza. Kijana anayejifunzia mtaani peke yake anarithi mkono mzuri pamoja na mazoea mabaya, na hana wa kumwambia kipi ni kipi. Ndiyo maana nikipeleka wanafunzi kwa fundi, wanakwenda na karatasi ya vipimo, na fundi anaambiwa mapema kwamba vijana watapima.

Sasa lile la vifaa. Wafadhili na wakubwa wanapenda kukabidhi mashine, kwa kuwa mashine hupigwa picha. Hakuna anayekata utepe mbele ya roli la waya. Ilhali fani ya umeme hula waya, skurubu, balbu, betri za mita, na kila mtoto asiyerudia zoezi kwa sababu waya umeisha ni mtoto aliyetazama tu. Mimi nanunua urefu mkubwa, tunakata kwa ukubwa mmoja, ukichakaa nchani unatumika kwa zoezi fupi, kisha fupi zaidi, hadi ubaki wa kufundishia kumenya. Shule ikikuonyesha mashine mpya, uliza bajeti ya vitu vinavyoisha kwa muhula ni kiasi gani na nani anaishika.

Jambo moja la kisheria, maana wazazi hulichanganya: cheti si leseni. Kijana akimaliza kidato cha nne haruhusiwi kujitwalia kazi ya kufunga umeme wa nyumba kwa jina lake. Kazi hiyo inataka mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na leseni ina madaraja yake. Akimaliza ana msingi wa kufanya kazi chini ya mwenye leseni, au kuendelea VETA au chuo cha ufundi.

Ukienda kutembelea shule ya amali kabla ya kumpeleka mwanao, karakana utaonyeshwa, na ubao unaowaka utawashwa mbele yako. Omba karatasi ya vipimo vya ubao huo. Kama ubao upo na karatasi haipo, muulize mwalimu kwa upole ni nani aliyeupima.